Kufichua Maovu ya Kazini Mtandaoni katika Nchi ya Chai

Ufichuzi, yaani hatua ya mfanyakazi kupeleka habari za uovu wa kazini kwa chombo chenye uwezo wa kuuchunguza, ni jambo zito popote, lakini katika eneo la Kabianga na mashamba ya chai ya Kericho na Bomet nchini Kenya uzito wake huzidi, kwa kuwa wachumaji wengi huishi katika nyumba za mwajiri, na anayefutwa kazi hupoteza makao pia. Mnamo Februari 2023, uchunguzi wa BBC ulieleza kwamba wanawake zaidi ya 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay, ingawa zaidi ya miaka 10 kabla yake Unilever ilikuwa imekabiliwa na madai kama hayo, ikaweka utaratibu wa kupokea malalamiko. Ni kosa, basi, kumshauri mfanyakazi ategemee ofisi ya ndani peke yake.

Dhuluma ya kingono ni jinai chini ya sheria ya mwaka 2006, na hupelekwa polisi. Kwa hongo na ufisadi, njia bora ni tovuti ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), ambako mfichuzi anaweza kuficha jina lake na kufungua sanduku la siri, yaani sehemu ya ujumbe yenye jina la kubuni na nywila, ambamo wachunguzi humwuliza maswali bila kumjua. Sanduku hilo halina budi kufunguliwa tena na tena, maana swali kuhusu tarehe au nambari ya hati lisipojibiwa, uchunguzi hukwama.

Simu, kompyuta na intaneti ya mwajiri zisitumike kabisa, na picha zikaguliwe kwanza, kwani nyingi huhifadhi saa na mahali zilipopigwa. Hata hivyo, kinachomsaliti mtu zaidi ni maelezo yenyewe: jambo lililoshuhudiwa na watu wawili tu, likisimuliwa lilivyo, humtambulisha msimulizi hata asipotaja jina.

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, katika kifungu cha 21, inamwadhibu anayemfuta kazi, kumhamisha au kumtisha mfichuzi kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Ulinzi huo haukuwapo wakati wa David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyetoa hati za kashfa ya ufisadi ya Goldenberg, ambaye alikamatwa, akafutwa kazi, na akafariki mwaka 2006 akiwa maskini. Mwenye ushahidi asianzie kwenye kundi la WhatsApp. Autume kwanza kwa wenye mamlaka ya kuchunguza, na abaki na nakala nje ya shamba.