Elimu kwa Umma: Skrini za Video Ndani ya Gari

Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani huja na skrini kwenye dashibodi, na baadhi ya wamiliki huongeza nyingine kwa ajili ya abiria. Kifaa hicho kina manufaa, hasa kinapounganishwa na kamera ya kurudi nyuma. Hatari huanza pale filamu inapochezwa mbele ya macho ya dereva.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi, husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Dereva anayeitazama filamu kwa sekunde mbili tu huwa amepita mita 28 bila kuiona barabara. Katika umbali huo anaweza kukivuka kivuko cha wanafunzi asijue. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aendeshe kwa uangalifu. Wajibu huo hauondoki kwa sababu kifaa kilikuja na gari.

Kuchagua

Magari madogo hutumia umeme wa volti 12, na malori na mabasi makubwa mengi volti 24. Kifaa kilingane na gari. Skrini za abiria zifungwe nyuma ya viti vya mbele, zielekee nyuma. Kabla ya kulipa, mmiliki aketi kwenye kiti cha dereva na kuhakikisha kuwa haoni picha, wala mwanga wake haurudi kwenye kioo cha mbele wakati wa usiku.

Kufunga

Skrini nyingi za mbele zina waya unaounganishwa na breki ya mkono. Waya huo huzuia video hadi gari lisimame na breki ivutwe. Wapo mafundi wanaoukwepa kwa kuufunga moja kwa moja kwenye chuma cha bodi, ili filamu ichezwe gari likiwa mwendoni. Mmiliki aukatae ufungaji huo, na gari likishafungwa kifaa alijaribu mwenyewe: breki ikiachiliwa, video izime.

Kila skrini iwe na fyuzi inayolingana na waya wake, maana waya usio na kinga unaweza kuwasha moto. Nyaya zisipite chini ya reli za viti, wala kifaa kisizibe mahali pa mfuko wa hewa.

Wajibu wa mmiliki

Kampuni ya bima ijulishwe kuhusu vifaa vilivyoongezwa, na risiti ya fundi itunzwe. Mwenye gari la abiria aulize kwanza LATRA na Polisi wa Usalama Barabarani kabla ya kufunga chochote. Aliyekwisha kufunga, na waya wa breki umekwepwa, amrudie fundi aurejeshe mahali pake.