Kifaru Kilichouzwa Ili Watoto Wapate Shule

Mtoto wa miaka mitatu akiketishwa juu ya udongo uliolowa hafundishiki. Hutetemeka, hulia, humtafuta mama yake, na kesho yake hukohoa. Mtu mzima aweza kuvumilia bati linalovuja. Mtoto mdogo hawezi. Kwa hiyo shule ya watoto wadogo, ile ambayo mijini huitwa maternele, ndiyo inayohitaji paa zima na sakafu kavu kuliko shule zote. Lakini katika vijiji vingi ndiyo inayosahauliwa kwanza. Upepo hung'oa mabati, mchwa hula nguzo, na matone ya mvua yanayoruka kutoka chini hula miguu ya ukuta wa matofali mabichi, hata siku moja ukuta hulala. Hapo wazee hukusanyika, hutazama, husema, "Sisi ni maskini," kisha hurudi nyumbani kungojea mgeni mwenye fedha.

Habari ya kijiji kimoja cha Italia yafaa kusikiwa mahali penye shule ya namna hiyo, kwa sababu watu wake nao walikuwa maskini, wala hawakungoja.

Kijiji hicho chaitwa Villa Cella. Kiko karibu na mji wa Reggio Emilia, upande wa kaskazini wa Italia, katika nchi tambarare ya wakulima na wafugaji wa ng'ombe. Mwezi wa Aprili mwaka 1945 vita vikuu vya pili vilikuwa vinakwisha huko. Majeshi ya Wajerumani yalikimbia kwa haraka, yakaacha nyuma vitu ambavyo hayakuweza kuvichukua. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa na mabomu. Kulikuwa na wajane, kulikuwa na yatima, na wengi waliorudi kutoka vitani hawakukuta kazi. Ungemwuliza mtu yeyote kijijini kama kuna mali, angalionyesha mikono mitupu.

Hata hivyo kitu kilikuwapo. Katika vitu vilivyoachwa na majeshi kulikuwa na kifaru kimoja, yaani lile gari la chuma la kupigania vita, tena malori machache na farasi kadhaa. Wanakijiji wakapata ruhusa ya kuviuza. Kifaru hakifai kulima wala kubeba mavuno. Lakini chuma ni chuma, na kina mnunuzi.

Sasa palitokea neno gumu, ambalo hutokea kila mahali palipo na fedha ya watu wengi. Fedha ifanye kazi gani? Husimuliwa kwamba wanaume walitaka kujenga nyumba ya michezo na maonyesho, na wanawake walitaka shule ya watoto wadogo. Shauri la wanaume halikuwa la kipumbavu. Watu waliokaa miaka mingi katika hofu, wakizuiwa hata kukutana jioni, wana haki ya kutamani mahali pa kucheka pamoja. Lakini wanawake walijua jambo ambalo mwanaume hulijua kwa shida: mama akienda shambani tangu alfajiri, mtoto hubaki na nani? Hubaki na dada yake wa miaka saba, naye dada akikosa shule kwa ajili ya mdogo wake, watoto wawili hupotea kwa mara moja. Mwisho wa mabishano shauri la shule likashinda. Na wanaume waliokuwa wamelipinga hawakuketi pembeni na kununa, walishika koleo.

Fedha ya kifaru ilitosha kuanza tu. Mambo mengine yalitoka kijijini. Mkulima mmoja alitoa kiwanja bila malipo. Mchanga ulichotwa mtoni. Matofali na boriti vilitolewa katika nyumba zilizobomolewa na mabomu, na wanawake wakaketi chini wakikwangua chokaa ya zamani na kuosha tofali moja moja, ili lijengeke tena. Kazi ilifanywa usiku na siku za Dominika, kwa sababu mchana wa juma kila mtu alikuwa akitafuta mkate wake. (Taabu ya wakati ule iliwalazimisha, kijiji chenye amani chaweza kuchagua Jumamosi.)

Habari ikafika mjini kwamba wanawake wa Villa Cella wanajenga shule kwa mikono yao. Mwalimu kijana aitwaye Loris Malaguzzi, aliyezaliwa mwaka 1920, hakuamini. Akapanda baiskeli yake, akaenda kutazama. Aliwakuta wanawake wale wakiosha matofali. Akawauliza mambo yake, nao wakamjibu mambo yao: kiwanja kipo, mchanga upo, mikono ipo, fedha ya kuanzia ipo, na mengine yatakuja. Kisha, walipojua kwamba ni mwalimu, wakamwambia akae kufanya kazi pamoja nao. Akakaa. Kazi ya shule za watoto wadogo aliyoanza hapo aliifuata hata kufa kwake mwaka 1994, na leo jina lake hutajwa katika vyuo vya walimu vya nchi nyingi.

Mwaka 1947 shule ilifunguliwa. Ikaitwa kwa tarehe, 25 Aprili, siku ambayo Waitalia hukumbuka kukombolewa kwao.

Wenye kusimulia habari hii mara nyingi husimama hapo, kwa sababu mwanzo wake hupendeza. Lakini sehemu ngumu ilifuata. Shule nyingine saba zilianzishwa kwa namna hiyo hiyo pembeni ya Reggio Emilia na katika mitaa ya maskini, zote zikiongozwa na wazazi wenyewe. Ukuta hujengwa mara moja. Mwalimu hula kila siku, kuni za kuwashia moto wakati wa baridi huisha, na kiti cha mtoto huvunjika. Shule nyingine kati ya hizo zilishindwa zikafungwa. Nyingi zilidumu karibu miaka ishirini kwa jasho la wazazi. Ndipo mji ukaamka: mwaka 1963 serikali ya mji wa Reggio Emilia ilifungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo, na mwaka 1967 ikazichukua mikononi mwake shule za wazazi. Mwaka 1968 serikali ya Italia yenyewe ikaweka sheria ya kuanzisha shule hizo nchini. Na mwaka 1991 gazeti la Newsweek la Marekani lilitaja shule moja ya mji huo, iitwayo Diana, kati ya shule bora duniani. Kwa hiyo wazazi wale walitangulia, serikali ikafuata. Walichukua mzigo miaka ishirini, wala haukuwa mwepesi kwa sababu tu wanahistoria wanausifu leo.

Jambo hilo lawahusu sana wazazi wa Kongo. Tangu mwaka 2019 serikali ya Kongo imeanza kutekeleza elimu ya bure katika shule za msingi za umma, kama Katiba ya mwaka 2006 ilivyoagiza. Lakini agizo hilo ni kwa shule ya msingi. Mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano hayumo ndani yake, na shule yake hutegemea wazazi zaidi ya watu wengine wote. Ikianguka, wao ndio huona kwanza, na kwa kawaida wao ndio huanza kuitengeneza.

Namna ya kuanza yaweza kuelezwa kwa maulizo na majibu, kama ilivyo desturi ya mafundisho.

Ulizo: Kijiji kinachotaka kutengeneza shule kianze kwa kukusanya fedha?
Jibu: Hapana. Kianze kwa kuhesabu. Fundi aitwe, apime urefu wa paa na ukuta, na aseme mabati mangapi, misumari kiasi gani, mifuko mingapi ya saruji. Asiyejua bei ya kazi huomba ovyo, na anayeombwa ovyo hutoa ovyo.

Ulizo: Ni vitu gani ambavyo havihitaji fedha?
Jibu: Kiwanja, mchanga, mawe ya msingi, udongo wa matofali, maji, kuni za kuyachomea, na nguvu za watu. Watu wa Villa Cella nao walitumia vitu vya namna hiyo. Kijiji kikivitenga kwanza, hujua upungufu wake ni kiasi gani. Katika kijiji cha Kongo upungufu huwa mara nyingi ni mabati, misumari, saruji na malipo ya fundi. Hayo ndiyo ya kutafutiwa fedha, wala si shule nzima.

Ulizo: Asiye na fedha atoe nini?
Jibu: Atoe alicho nacho. Kopo la maharagwe, kuku, chupa ya mafuta ya mawese, kikapu cha mihogo. Vikikusanywa na kuuzwa pamoja siku ya soko hupata bei nzuri kuliko vikiuzwa kimoja kimoja. Na mahali ambapo wanawake wana likelemba, waweza kuihesabu shule kama mwenzao mmoja, ili zamu yake ikifika ipokee kama wengine.

Ulizo: Je, msaada wa mtu wa mbali ukataliwe?
Jibu: Usikataliwe. Lakini ni vema uje ukute msingi umekwisha kuchimbwa na matofali yamepangwa. Mtu wa mbali hupenda kutoa nyumba, kwa sababu nyumba hupigwa picha. Hakumbuki chaki, wala mshahara wa mwalimu wa mwezi wa tano.

Juu ya kutunza fedha, Wakristu wana mfano wa zamani sana. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu, aliwaagiza Wakorinto watenge kitu kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu kwa kadiri ya mapato yake, ili mchango usitafutwe kwa haraka yeye akifika. Akawasimulia kwamba Wakristu wa Makedonia, waliokuwa maskini sana, walitoa kupita nguvu zao. Na ilipofika saa ya kuipeleka fedha ile, Paulo hakutaka kuichukua peke yake. Alisema wao wenyewe wachague watu wa kuaminika wa kuipeleka, asije mtu akamnung'unikia. Naye alikuwa Mtume! Mwenyekiti wa wazazi akikataa kuandamana na mwenzake kwenda kununua mabati, apaswa kuelezwa habari hiyo polepole.

Kwa desturi ya kijiji, hilo huwa hivi: sanduku liwe na kufuli mbili, na funguo zikae katika nyumba mbili. Mmoja apokee, mwingine aandike. Kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe mbele ya wote, na jina la aliyetoa kuku lisomwe kwa sauti ile ile ya jina la aliyetoa saruji. Mfanyabiashara aandike bei katika karatasi na kutia sahihi. Fedha ikipotea mara moja, hata kidogo, mchango wa pili hautapatikana kwa miaka mingi. Watoto watalipa deni la mtu mmoja.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Paa hutangulia, kwa maana ukuta uliotengenezwa chini ya paa bovu huanguka tena. Ukingo wa paa utokeze mbele ya ukuta hatua nzima, na mfereji uchimbwe kuzunguka nyumba, ili maji yasirukie matofali. Saruji ikiwa haba, isimalizwe sakafuni. Sehemu yake ipakwe miguu ya ukuta, tangu ardhi mpaka magotini, ambapo mvua hupiga zaidi. Dirisha liwe chini, kwa kipimo cha macho ya mtoto. Choo cha watoto kiwe na tundu dogo, wasiogope kutumbukia. Mtoto anayeogopa choo cha shule hukimbilia kichakani, na ugonjwa wa kuhara hurudi naye.

Siku ya kufungua shule, kabla ngoma haijapigwa, wazazi wapatane juu ya sanduku la pili, dogo kuliko la kwanza: la kutunza. Ndani yake iwekwe akiba ya misumari, kipande cha bati, na fedha kidogo ya chaki, ikiongezwa kila baada ya mavuno. Bati moja lililong'olewa na upepo hurudishwa siku ile ile na mtu mmoja mwenye nyundo. Likiachwa mpaka masika ya pili, boriti huoza, mabati mengine matatu hulifuata, na fundi huitwa tena kupima paa lote.