Kabla hujamlipa kijana wa chujio

Mdogo wangu wa Boko, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu, maana birika unalolieleza ni langu kabisa, la mwaka niliohamia Tegeta.

Niwape na wengine habari. Mwenzetu amepanga nyumba inayotumia maji ya kisima. Sabuni haitoi povu, kanga zikikauka zinasimama zenyewe, birika limeota ukoko mweupe, na maharage yanakula gesi mpaka saa nne usiku. Sasa amepita kijana anayeuza machujio, katumbukiza vijiti vya umeme kwenye glasi ya maji ya kisima, maji yakageuka kahawia kama chai ya rangi. "Dada, haya ndiyo mnayowanywesha watoto?" Anauliza amlipe au asimlipe.

Asimlipe kwanza. Mimi nililipa.

Wangu alikuja Jumamosi asubuhi, shati limenyooshwa, na glasi mbili mkononi. Moja akaweka maji yangu, nyingine akamimina ya kwake kutoka kwenye chupa. Yangu yakachafuka, ya kwake yakabaki kama kioo. Majirani wawili walikuwa barazani wanatazama, na nawaambia ukweli, iliyonitoa pesa ilikuwa aibu kuliko hofu. Baadaye ndipo nilipojua kilichotokea. Vijiti vyake vilikuwa vya chuma. Maji yenye madini hupitisha umeme, umeme ukakila kile chuma, na ile kahawia ilikuwa kutu ya vijiti vyake mwenyewe. Maji yake yalikuwa yameshaondolewa madini, umeme haukupata pa kupita. Na chujio aliloniuzia lilikuwa la mkaa. Mkaa huondoa harufu na ladha ya klorini, lakini madini yaliyoyeyuka ndani ya maji hupita humo bila kubisha hodi. Wiki mbili hazikuisha, birika likaota ukoko uleule.

Kinachokusumbua wewe kinaitwa maji magumu. Mvua ikidondoka ni laini. Ikishaingia ardhini na kukuta mawe ya chokaa, inayayeyusha kidogo kidogo na kubeba kalsiamu na magnesiamu. Huku kwetu hayo mawe hatuhitaji kuonyeshwa. Kilima cha Wazo kinachimbwa kwa ajili ya saruji, na saruji haitengenezwi bila chokaa. Unguja nako visima vingi viko kwenye mwamba wa matumbawe, hadithi ni ileile. Kalsiamu hiyo ikikutana na sabuni, inaikamata na kuigeuza ule utando wa kijivu unaong'ang'ania beseni. Povu halianzi mpaka kalsiamu yote ishikwe. Kwa hiyo sabuni yako ya kwanza kila siku unailisha kisima, si nguo.

Na hapo ndipo penye kipimo. Ukihesabu sabuni iliyoliwa kabla povu halijasimama, umepima ugumu wa maji. Thomas Clark, mkemia wa Aberdeen huko Uskoti, alikuwa akipima hivyohivyo katika karne ya 19, wewe utatumia chupa ya soda.

Kwangua sabuni ya mche, ile ya kufulia, kijiko kimoja cha chai, uiyeyushe kwenye nusu kikombe cha maji ya mvua ya uvuguvugu. Nasisitiza mche. Sabuni ya unga imetengenezwa kuvumilia maji magumu, itakupa povu la uongo. Tafuta chupa mbili zinazofanana, zisafishe mpaka harufu ya soda iishe. Moja tia nusu kikombe cha maji ya mvua, nyingine nusu kikombe cha maji ya kisima. Duka la dawa watakuuzia bomba la sindano la mililita 5; sindano yenyewe waachie. Sasa tia mililita 1 ya maji ya sabuni kwenye chupa ya mvua, funga, tikisa kwa nguvu, ilaze uitazame dakika moja. Povu likibaki limefunika maji, andika umetumia ngapi. Likizama, ongeza mililita nyingine. Kisha nenda kwenye chupa ya kisima, ufanye vilevile.

Yangu ya mvua yalishika kwa mililita 1. Ya kisima yalianza kuwa meupe kama tui la pili, vikaelea vipande kama maziwa yaliyokatika, povu hakuna. Bomba la kwanza likaisha. Nilikuwa nusu ya la pili ndipo povu likakaa.

Maji ya mvua yakinge moja kwa moja kwenye ndoo ya plastiki, uwanjani. Ya kwenye tangi la saruji yanaweza kuwa yamelamba chokaa ya tangi. Kama ni kiangazi, maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi cha ofisini yanafaa kabisa kwa kupimia (kupimia tu, jamani, msije mkanywa). Na kabla ya yote onja maji ya kisima. Sisi wa pwani kila kisima kibaya tunakiita cha maji ya chumvi, kumbe chumvi ni jambo moja na ugumu ni jingine, ingawa kisima kimoja kinaweza kuwa navyo vyote viwili. Chumvi ikiwa nyingi nayo inaua povu, itakuchanganyia hesabu.

Ukitaka uhakika zaidi, bandua kipande cha ule ukoko wa birika, kiweke kwenye sahani, kidondoshee siki au ndimu. Changu kilitoa vipovu vidogo vidogo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Hiyo ni chokaa. Ungekuwa ukoko wa chumvi, ungeyeyuka kwa maji matupu bila kelele. Halafu chemsha maji ya kisima dakika kumi, yaache yatue na yapoe, mimina ya juu, urudie kipimo cha sabuni. Mililita zikishuka sana, ugumu wako ni wa kuondoka kwa moto. Zikibaki palepale, hata umalize mtungi hautaondoka.

Kuna vipande vya karatasi vya kupimia pia, wanaouza dawa za mabwawa ya kuogelea huwa navyo. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini, ukipita 120 ni magumu, ukipita 180 ni magumu sana. Kile kikalamu chenye namba ambacho wauza machujio hukichovya kwenye glasi kinapima madini yote kwa jumla, chumvi humohumo. Hakijui sabuni wala vijidudu.

Kuhusu watoto, punguza wasiwasi. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji. Cha kuogopa kisimani ni choo kilicho karibu, na hicho povu halikuambii kitu. Ndugu zetu wa Arusha wanaoishi chini ya Meru mengi ya maji yao ni laini, sabuni inacheza, lakini yana floraidi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi. Vijidudu na floraidi vinapimwa maabara ya maji, chupani hapana.

Sasa kazi za nyumbani. Shabu tuliyozoea kutulizia maji ya tope haigusi ugumu, wala vidonge vya klorini. Magadi ndiyo yanayougusa. Tia kidogo kwenye maji ya kufulia, koroga, acha yatue kabla ya kutia sabuni. Nguo za hariri na sufu ziepushe. Birika lichemshie siki na maji nusu kwa nusu, liache lipoe, suuza. Maji ya mvua weka ya nywele.

Na ya maharage. Kalsiamu hukaza ganda na nyama ya punje, ndiyo maana yanachemka bila kulegea. Bibi zetu waliotia kipande cha magadi kwenye chungu walikuwa wanalainisha maji, ingawa wao walisema wanalainisha maharage. Kipande kidogo tu, yakizidi yanakuwa na ladha ya sabuni. Mimi siku hizi nayaloweka usiku kucha na kuyapikia maji ya mvua nikiwa nayo.

Kijana wako akirudi, mkaribishe kiti. Mwache apange glasi zake. Kabla hajatumbukiza vijiti, chukua chumvi ya kupikia nusu kijiko, itie kwenye glasi yake yeye, ikoroge, umwambie aendelee.