Namba ya Mwenye Nyumba Unayo. Umpigie?

Wadogo zangu, leo ninayo barua ya mmoja wenu, mwalimu, yuko Dar es Salaam. Ameona nyumba Kivule: vyumba vitatu, kimoja masta, uzio upo, kisima kipo. Dalali kamtajia milioni 78, "maongezi yapo". Wakati anatoka pale, jirani akamvuta pembeni, akampa namba ya mzee mwenye nyumba na kumnong'oneza kwamba bei ya mzee ni 70. Sasa ananiuliza: "Dada, nimpigie mzee nimwambie bei yangu, au niendelee na dalali? Dalali kanikataza kabisa nisiongee na mwenye nyumba, anasema mzee ni mkali."

Mdogo wangu, mzee utaongea naye. Tena usitoe hata shilingi kabla hujakaa naye uso kwa uso. Lakini dalali aliyekupeleka usimruke. Hayo ni mambo mawili, na wengi wenu mnayachanganya: kuonana na mwenye nyumba ni haki yako, kumzunguka dalali ni kujitafutia ugomvi.

Nianze na hilo la kuonana. Mmeshaona kuta za Dar zilizoandikwa kwa rangi, herufi kubwa, "Nyumba hii haiuzwi"? Nyingine huongezewa "Ogopa matapeli". Hakuna mtu anayechafua ukuta wake kwa kupenda. Ukiona maandishi yale, ujue mara nyingi kuna mtu alishajaribu kuiuza na nyumba si yake: mpangaji, au mtoto mmoja wa marehemu aliyewaficha ndugu zake, au mume aliyekosana na mkewe akataka kugeuza nyumba kuwa hela kabla ya kufika mahakamani. Na mnunuzi naye hakosi kupewa sababu ya kutomwona mwenyewe. Mwenyewe yuko safari. Mwenyewe ana presha, madaktari wamesema asisumbuliwe. Mwenyewe ni mkali. Kwa hiyo ukiambiwa mzee ni mkali, hiyo ndiyo sababu ya kwenda kumwona.

Sasa, simtuhumu dalali wako kwa utapeli. Madalali wengi wanaomficha mwenye nyumba hawana njama ya kuuza nyumba hewa. Wanalinda cha juu. Mzee kasema 70, dalali anakwambia 78, hizo nane ni zake, na hapo bado kuna kamisheni. Saa nyingine hata hizo nane si zake peke yake, kwa sababu aliyekupeleka ni dalali wa dalali: mmoja anamjua mzee, mwingine anamjua huyo wa kwanza, wa tatu ndiye aliyeweka picha kwenye simu, na kila mmoja kaongeza kidogo. Ndiyo maana unaweza kuiona nyumba ileile mtandaoni kwa bei tatu tofauti wiki moja.

Mimi kamisheni siigombi. Dalali ametembea juani, anajua nyumba ipi ina mgogoro na ipi inajaa maji masika, alipwe. Kwenye mauzo wengi huanzia asilimia 5, wengine huomba hadi 10, na ni mapatano. Ninachokigomba ni hela iliyofichwa ndani ya bei, maana mnunuzi hajui anamlipa nani, na muuzaji hajui nyumba yake imeuzwa kwa ngapi. Siku mkikutana kwenye meza ya wakili hesabu hazilingani, na hapo kila mtu anamwona mwenzake mwizi.

Kwa nini basi usimpigie mzee mkamalizana wawili? Kwanza, dalali ndiye aliyekufikisha pale. Pili, tuseme ukweli wa mjini: dalali aliyerukwa anabaki na kazi moja tu, kuhakikisha hununui. Atamwambia mzee wewe ni tapeli. Atamleta mteja mwingine mwenye milioni mbili zaidi. Au atanyamaza, halafu siku ya kusaini aje na wenzake watatu kudai chao mlangoni. Na huenda hata bei isishuke, kwa sababu mzee mwenyewe alishaahidi kumlipa akileta mteja, na mteja kaletwa. Zaidi ya hapo, mzee akikubali harakaharaka kumdhulumu mtu aliyemtafutia mnunuzi, mimi ningeanza kumwogopa mzee.

Mwambie dalali hivi, kwa upole na bila kuzungukazunguka: "Kaka, nyumba nimeielewa. Bei yangu nitaisema mbele ya mwenye nyumba, na wewe ukiwepo. Kamisheni yako haiguswi, tuandikishane leo ni kiasi gani na nani anakulipa." Dalali wa kazi atakuna kichwa, atapiga simu mbili, kisha atakupa siku. Akikataa katakata, achana na nyumba hiyo hata kama jiko lake limekutoa udenda. Kuna nyumba nyingi Kivule.

Ila kama hukupelekwa na dalali, mambo ni mengine. Umeona kibao "Nyumba inauzwa" chenye namba, au shemeji yako kazini kakwambia jirani yake anauza, piga simu moja kwa moja, huna deni na mtu. Lakini hata hapo simu iwe ya kuomba kufika tu. Bei haiongelewi kwenye simu wala kwenye WhatsApp. Ukitaja 65 kwenye ujumbe, wewe umeshaanza kupanda, na yeye ana maandishi yako anayowaonyesha wateja wengine: "huyu hapa kaniahidi 65, wewe una ngapi?"

Haya, umepata siku. Usiende peke yako. Nenda na mtu mzima anayejua kunyamaza; shangazi anayefungua makabati na kusema "jamani, pazuri!" mwache nyumbani. Na wewe vilevile furaha yako iache kwenye bajaji. Usiseme mkopo wa SACCOS umetoka, wala usitaje tarehe ya kuhama ulikopanga. Kama ulishamwambia dalali una milioni 75 benki, basi ujue ile bei ya 78 haikutoka hewani.

Msalimie mzee, kaa, kunywa soda utakayopewa. Kisha uliza swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote: "Mzee, mkishauza mnahamia wapi?" Si umbea, na likiulizwa kwa adabu hujibiwa. Mzee anayerudi Bukoba kupumzika hana haraka. Huyo hatashuka sana, lakini nyumba yake huwa imetulia. Anayesema kwa kifupi "kuna shida kidogo" ana haraka, na haraka hushusha bei, ila hapo uliza hati iko wapi, maana inawezekana iko benki kama dhamana ya mkopo. Nyumba yenye deni la benki inaweza kununuliwa, lakini benki lazima ikae mezani na sehemu ya hela yako iende huko moja kwa moja kabla hati haijaachiwa.

Halafu mwache mzee ataje bei mwenyewe. Ulishaambiwa 78 na ulishanong'onezewa 70, lakini uliza kana kwamba ndiyo kwanza unasikia. Mzee akisema 70, usimgeukie dalali. Andika kwenye daftari lako, funga kalamu. Dalali ameshajua kwamba cha juu kimekufa, na kwa kuwa mliandikishana kamisheni, hana sababu ya kugeuza meza. Hakuna aliyemuumbua mwenzake, na mazungumzo sasa yanaanzia 70 badala ya 78. Hii ndiyo faida ya kuongea na mwenye nyumba huku dalali akiwepo. Ukimpigia mzee kwa siri, hiyo 70 unaipata pamoja na adui.

Unapotaja bei yako, usitaje tarakimu peke yake. Watu wanapatana 66 wakapeana mikono, kumbe kila mmoja ana 66 yake. Mzee anaposema "nataka 66 mkononi", anamaanisha kodi na gharama zote ni zako. Kisheria kodi ya faida ya mauzo ni ya muuzaji, na kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Kama ana vielelezo kwamba nyumba ilimgharimu milioni 30 na anaiuza 66, kwa hesabu ya harakaharaka kodi ni milioni 3 na laki 6. Nyumba ambayo mtu ameishi mwenyewe inaweza kuwa na msamaha, kwa masharti, kwa hiyo hesabu kamili ifanywe na TRA au mhasibu kabla ya kusaini. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi. Kwa hiyo sema: "Mzee, mimi nina 64, kodi ya faida juu yako, stempu na uhamisho juu yangu, nalipa kwa awamu mbili, ya pili mkishahama." Hiyo ndiyo bei. Na kodi ya pango la ardhi kama ana malimbikizo, ayalipe kabla, maana uhamisho hautapita.

Kabla hujaondoka, muulizie mama. Simaanishi kwa heshima tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, hata kama hati ina jina moja. Wapo wanaume wanaopokea wageni sebuleni huku mama yuko jikoni hajui kinachouzwa. Nenda kamsalimie. Mwambie, "Mama, tumekuja kuhusu nyumba." Uso wake utakujibu kabla ya mdomo. Akishtuka, kunja daftari. Mzee akiwa na wake wawili, uliza ni yupi aliyejenga naye pale, na ridhaa yake iandikwe na kusainiwa mbele ya wakili. Hilo kwenye simu ya siri usingelijua kamwe, na dalali naye asingekwambia.

Kama mwenye jina ameshafariki, usipatane bei na mtoto mwenye sauti kubwa. Patana na msimamizi wa mirathi, na akuonyeshe barua ya uteuzi ya mahakama. Na hata akiwa nayo, onana na warithi wengine, kwa sababu msimamizi anasimamia mali ya wote.

Mkishaelewana, hati ipelekwe kwenye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi unakwambia jina lililosajiliwa ni la nani, kama kuna rehani, kama kuna zuio. Nyumba isiyo na hati, yenye karatasi za mauziano za serikali ya mtaa tu, ina kazi yake: majirani wa pande zote nne, mjumbe, mauziano ya nyuma hadi mwenye eneo wa kwanza. Wanunuzi wengi Dar wako huku, na hapa ndipo maneno ya jirani aliyekupa namba ya mzee yana thamani kuliko hiyo namba. Rudi kwake. Muulize mpaka, muulize njia ya maji, muulize nani mwingine alishakuja kuiangalia na kwa nini hakununua. Atataka hela ya soda. Mpe.

Kishika uchumba kisitolewe mpaka kuna maandishi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa mauzo ya ardhi uwe wa maandishi, kwa hiyo "mzee kaniahidi" haitakusaidia popote. Karatasi iseme umetoa kiasi gani, kwa nyumba ipi, bei kamili ni ipi, na hela inarudi kama upekuzi ukitoka vibaya au mama akikataa kusaini. Wakili awe wako, uliyemtafuta mwenyewe. Wakili aliyeletwa na dalali anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini huyo atakuwa na wateja wengi wa dalali na wewe utakuwa mmoja tu.

Hela ipite benki, iingie kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati. Dalali apokee kamisheni yake siku hiyohiyo na asaini kwamba ameipokea. Akikuomba bei yote ipitie kwake "amfikishie mzee", usigombane naye. Mwambie wakili amekataa, hata kama wakili bado hujamuuliza.