Cha Nyumbani au cha Ng'ambo? Namna ya Kuchagua Vifaa vya Kutunzia Silaha

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mlaji anayemiliki silaha kwa mujibu wa sheria, na pia kwa ajili ya wale wanaoishi naye nyumba moja. Mifano yake imetoka Mafia, kwa kuwa kisiwani humo hewa ya bahari hufichua upesi udhaifu wa kila kitu cha chuma. Baada ya kulisoma, msomaji aweze kutambua kifaa gani kinaweza kutengenezwa na fundi wa jirani na kipi hakiwezi. Kukikagua kifaa kabla ya kulipa. Na kudai haki yake endapo kitaharibika.

1. Silaha ni jambo moja, vifaa vyake ni jambo jingine

Bunduki za kiwandani zilizo mikononi mwa raia wetu kwa kawaida hutoka nje ya nchi. Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanzishwa mwaka 1974, ni shirika la umma lililo chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi, wala si duka la kila mtu. Hali hiyo si ngeni. Katika karne ya 19 bunduki zilizopitia Unguja kwenda bara zilitengenezwa Ulaya, zikiwamo zile za Liège, Ubelgiji, na za Birmingham, Uingereza. Hata hivyo, pembe ya baruti na mkanda wa ngozi viliweza kutoka mikononi mwa fundi wa hapa hapa.

Mgawanyo huo ungalipo. Kasiki, kufuli, mkanda, ala ya bastola na mfuko wa kubebea ni vifaa vya utunzaji. Mlaji ana hiari ya kununua vilivyotoka ng'ambo au kumwagiza fundi wa Kilindoni. Lakini hiari hiyo ina mpaka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu asiye na leseni kutengeneza wala kukarabati silaha. Kwa hiyo, kitu chochote kilicho sehemu ya silaha yenyewe, kama vile mtutu au kifyatulio, kisipelekwe kwa fundi wa kuchomelea, hata kama ni hodari na ni ndugu. Ukiwa na shaka, uliza kwanza kituo cha polisi.

2. Kazi mbili za kifaa cha kutunzia

Kabla ya kuuliza kifaa kimetoka wapi, uliza kinafanya kazi gani. Kazi ya kwanza ni kuizuia silaha isifike mkononi mwa mtu asiye na leseni: mtoto, mgeni, mwizi, au mtu wa nyumbani aliye katika hasira au huzuni kubwa. Kazi ya pili ni kuikinga silaha na kutu. Kifaa kisichoweza kazi ya kwanza hakifai, hata kama ni cha bei ghali na kimeandikwa jina maarufu. Silaha iliyoshika kutu ni hasara ya mali, lakini silaha iliyookotwa na mtoto ni msiba usiolipika.

3. Kasiki

Kasiki nyingi ndogo zinazotoka nje zina sura ya kupendeza na vitufe vya namba. Nyingine zimetengenezwa kwa bati jembamba. Bonyeza ubavu wake kwa kidole gumba: ukibonyea, usitarajie mengi. Tazama pia kama nyuma au chini kuna matundu ya kufungia bolti, maana kasiki nyepesi isiyofungwa ukutani hubebwa yenyewe pamoja na kilichomo. Ikiwa ni ya vitufe, badilisha siku hiyo hiyo namba iliyotoka nayo kiwandani, kisha uliza utaifunguaje betri zikiisha. Kumbuka kwamba chumvi hula pia nyaya na viungo vya umeme.

Sanduku la chuma la fundi wa kwetu lina faida moja kubwa: waweza kuliona likitengenezwa. Mwagize fundi bamba lenye unene wa milimita 3 au zaidi, bawaba zilizo upande wa ndani, na uchomeleaji uliofuatana bila mapengo badala ya kushikiza kwa nukta. Usikubali lipakwe rangi kabla hujalikagua, kwa sababu rangi huficha mapengo. Baada ya ukaguzi, chuma kisuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, ndani na nje, ndipo ifuate rangi ya juu. Sanduku zuri la fundi mara nyingi hukosa kitu kimoja, yaani kitasa cha kuaminika. Hapo si aibu kuchanganya: mwili wa nyumbani, kitasa cha kiwandani.

4. Kufuli na kipimo cha sumaku

Kufuli ndicho kifaa kinachoghushiwa kwa urahisi. Rangi ya manjano humfanya mnunuzi adhani kuwa mwili wake ni shaba, kumbe ni chuma kilichopakwa rangi. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio, uiguse kwenye mwili wa kufuli. Shaba haivutwi na sumaku. Ikinasa, hiyo si shaba. Usijaribu kwenye upindo, kwa kuwa upindo huwa wa chuma hata katika kufuli nzuri. Funga na ufungue mara kadhaa mbele ya muuzaji, kisha jaribu kufungua kwa ufunguo wa kufuli nyingine ya aina ile ile. Ukifungua, iache dukani.

Ufunguo nao una mahali pake. Ufunguo unaowekwa juu ya mwimo wa mlango hufanya kasiki iwe wazi, kwa sababu kila mtoto wa nyumba anapajua. Risasi zifungiwe mahali pengine, kwa kufuli nyingine.

5. Ala, mfuko na mkanda

Fundi wa ngozi anaweza kushona ala na mkanda kwa ustadi usiopungua wa kiwandani. Kagua mshono, uimara wa vifungo, na kama ala imefunika kifyatulio chote. Ala inayoacha kifyatulio wazi ni hatari, iwe imetoka nchi gani.

Hata hivyo, ngozi hunyonya unyevu, na chumvi zilizotumika kuilainisha zaweza kula chuma. Sifongo lililo ndani ya mifuko mingi ya ng'ambo nalo hushika maji. Kwa hiyo ala ni ya kubebea tu, wala si ya kuhifadhia. Hasa wakati wa masika, silaha isilazwe ndani ya ngozi au sifongo. Isafishwe, ipakwe mafuta mepesi, kisha ikae wazi ndani ya kasiki pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu. Vifuko hivyo vibadilishwe vinapochoka.

6. Hesabu ya mlaji

Tuseme kufuli ya bei rahisi ni shilingi 12,000, nayo kwa hewa ya Mafia hukwama kila baada ya mwaka mmoja. Kwa miaka mitano mlaji atalipa shilingi 60,000. Kufuli ya shaba ya shilingi 40,000 ikidumu miaka hiyo mitano, ameokoa shilingi 20,000. Bei hizi ni za mfano tu, lakini njia ya hesabu ni ya kweli: gawanya bei kwa miaka ya matumizi. Ongeza nauli. Kasiki iliyonunuliwa Dar es Salaam ikiharibika, itavushwa tena kwenda Nyamisati na kurudi, au itatupwa. Sanduku la fundi wa Kilindoni hurudishwa kwa mkokoteni.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Asili ya kifaa peke yake haithibitishi ubora. Kilicho bora ni kile kinachofanya kazi zote mbili, na ambacho kina mtu wa kukujibu kikishindwa. Kifaa cha ng'ambo kilichouzwa na duka lenye anwani na risiti ni salama kuliko cha fundi asiyejulikana. Na cha fundi anayejulikana ni salama kuliko cha ng'ambo kilichouzwa na mchuuzi wa kupita.

7. Haki zako

Dai risiti, iwe kwa duka au kwa fundi. Kwa kazi ya kuagiza, andikeni makubaliano mafupi: vipimo, unene wa bamba, bei, tarehe ya kumaliza, na muda wa dhamana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa humtaka muuzaji atoe bidhaa inayolingana na maelezo yake na inayofaa kwa kazi aliyoelezwa na mnunuzi. Kwa hiyo mweleze waziwazi kwamba utaiweka karibu na bahari. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 hukataza kumpotosha mlaji. Ukiuziwa bidhaa bandia, hifadhi bidhaa, kifungashio na risiti, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Suala la ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania. Silaha ikipotea au kuibwa, usingoje kuitafuta mwenyewe: toa taarifa polisi mara moja.

Maswali ya kujipima

1. Ni kazi gani mbili za kifaa cha kutunzia silaha, na ipi hutangulia?
2. Kwa nini sanduku la fundi likaguliwe kabla ya kupakwa rangi?
3. Sumaku imenasa kwenye mwili wa kufuli uliyoambiwa kuwa ni ya shaba. Utafanya nini?
4. Ingia chumbani mwako leo. Je, yupo mtu wa nyumbani, asiye na leseni, anayejua ufunguo ulipo? Ikiwa yupo, uhamishe kabla ya jua kutua.