Umeme wa Nyumbani Unaishia Wapi?

Likasi hupata umeme wa maji, ukiwemo wa Mwadingusha, mtambo ulioanza kazi mwaka 1930 kwenye mto Lufira. Mto uko jirani, lakini SNEL, shirika la umeme, lazima ilipwe, na familia nyingi hulipa bila kujua ni kifaa gani kinachomaliza pesa. Ukiwa na kalamu, saa na mita, utakijua.

1. Soma wati. Zimeandikwa nyuma au chini ya kifaa, pamoja na herufi W. Zidisha wati kwa saa za matumizi, kisha gawanya kwa 1,000. Jibu ni kilowati-saa, yaani uniti.

2. Tafuta bei yako ya uniti moja. Shika risiti ya mwisho, gawanya faranga ulizolipa kwa uniti ulizopata.

3. Anza na vinavyotoa joto. Resho (jiko la umeme) ya wati 1,500 ikiwaka saa 3 inakula uniti 4.5. Balbu ya LED ya wati 9, ikiwaka saa 5 kila usiku, itamaliza uniti hizo kwa siku 100. Kwa hiyo, kabla ya kuwagombeza watoto kwa ajili ya taa, tazama sufuria. Maharagi yalowekwe tangu jana yake, na yapikwe yakiwa yamefunikwa. Nguo nazo zipigwe pasi zote kwa mara moja.

4. Pima friji kwa mita. Wati zilizoandikwa hazitoshi, maana mota yake huwaka na kupumzika. Zima vingine vyote, soma mita unapolala na unapoamka. Tofauti ndiyo iliyoliwa na friji. Ikiwa kubwa, bana karatasi mlangoni: ikichomoka kirahisi, mpira umechoka.

5. Kwepa saa ya msongamano. Jioni, resho za mtaa mzima zikiwaka pamoja, kabini (transfoma ya mtaa) huelemewa. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 180, resho hubaki na theluthi mbili tu ya nguvu yake. Bukari (ugali) inachelewa kuiva na joto linapotea hewani. Chakula cha kuchemka muda mrefu kipikwe mchana. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikianza, chomoa friji. Umeme ukirudi, usiichomeke mpaka utulie.

Hata anayelipa forfait, yaani kiasi kilichopangwa bila mita, anahusika: resho anayoiacha ikiwaka bure inapunguza nguvu ya jirani anayetegemea kabini hiyohiyo. Wiki hii, andika vifaa vyako vyote, wati na saa zake. Kitakachoongoza orodha kwa uniti ndicho cha kupunguza kwanza.