MWENYE SHAKA ASITOKE CHUMBANI

Somo la vikundi vya nyumbani. Someni kwanza: Yohana 20:24–29 na Mathayo 28:16–20



Wako Wakristo wanaokaa kanisani kila Jumapili na shaka moyoni, nao huogopa kulisema. Hudhani kwamba wakilitaja mbele ya padre au katekista wataambiwa kuwa hawakuwa Wakristo tangu mwanzo. Basi hunyamaza. Kisha hukosa Jumapili moja, halafu mbili, na mwisho hatuwaoni tena. Nasi husema, "Fulani amepoa." Pengine hakupoa. Pengine alikuwa na swali, akakosa mtu wa kumwuliza.

Somo hili lina neno moja tu: kuwa na shaka si kuikana imani, na shaka hushindwa ndani ya ushirika, si nje yake.

1. SHAKA NI NINI?

Asiyeamini amekwisha kukata shauri. Mwenye shaka bado anatafuta. Amesimama njia panda. Katika Marko 9:24 baba wa mtoto mgonjwa alikiri kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Yesu hakumwambia aende kwanza akaongeze imani ndipo arudi. Alimponya mtoto siku ile ile.

Sisi wa Usangu tunalima mpunga. Mche ukitolewa kitaluni na kupandikizwa jarubani, siku za kwanza hunyong'onyea na majani hugeuka manjano. Mkulima mwenye akili haung'oi kwa kuwa umebadilika rangi. Huangalia maji yasikauke, akingoja mizizi ishike. Shaka la Mkristo mara nyingi ni hali kama hiyo. Halitaki kung'olewa upesi, lataka maji.

2. TOMASO ALIKUWA WAPI?

Tumezoea kumwita Tomaso mwenye shaka, kana kwamba hakuwa na sifa nyingine. Lakini katika Yohana 11:16 yeye ndiye aliyewahimiza wenzake waende wakafe pamoja na Bwana. Hakuwa mwoga wala mvivu wa imani. Alikuwa mtu aliyeumia.

Angalieni mambo matatu katika habari yake.

Kwanza, jioni ya Jumapili ya Pasaka hakuwapo. Wenzake walimwona Bwana, yeye alikosa. Mtu anayejitenga na wenzake wakati wa huzuni huweza kukosa jambo ambalo angelipata kati yao.

Pili, baada ya siku nane alikuwamo chumbani pamoja nao, naye alikuwa bado hajaamini. Aliingiaje? Mitume hawakumtenga. Milango ilikuwa imefungwa, lakini Tomaso hakufungiwa nje. Na yeye kwa upande wake alikubali kukaa na watu waliokuwa wanaimba furaha asiyoiona. Hapo ndipo Bwana alipomkuta.

Tatu, Yesu alimjibu kwa maneno yale yale aliyoyasema Tomaso juu ya alama za misumari na ubavu. Alikuwa amemsikia. Maandiko hayasemi kwamba Tomaso alitia kidole. Yanasema tu kwamba alimkiri kuwa Bwana wake na Mungu wake. Hakuna mtume aliyetoa ungamo kubwa kuliko hilo katika Injili ya Yohana.

Tena Mathayo 28:17 asema kwamba mlimani Galilaya, wanafunzi kumi na mmoja walipomwona Bwana walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka. Yesu hakuwatenga wale wenye shaka upande mmoja. Aliwatuma wote.

3. MASHAKA YA AINA TATU

(a) Shaka la akili. Kijana anarudi kutoka shule ya sekondari, anauliza kama dunia iliumbwa kwa siku sita, au gharika ilifunika milima yote. Wazazi humkemea. Lakini swali lake si jipya. William Ngidi, Mkristo wa Kizulu, alipokuwa akimsaidia Askofu Colenso wa Natal kutafsiri Mwanzo, alimwuliza kama habari ya gharika ni kweli. Mwaka 1862 Colenso alianza kutoa vitabu juu ya maswali hayo, Kanisa la Anglikana likatikisika, na ugomvi huo ulikuwa sababu mojawapo ya mkutano wa kwanza wa Maaskofu huko Lambeth mwaka 1867. Kanisa halikufa kwa swali la Ngidi. Basi usimkemee mwanao. Mwambie, "Swali lako ni zuri, tukalisome pamoja," kisha msome kweli.

(b) Shaka la msiba. Tuseme mama ameomba, amefunga, na mtoto wake amekufa. Kisha anatokea mhubiri stendi anayesema kwamba mgonjwa hafi kama kuna imani. Mama huyo anaachiwa misiba miwili: kumpoteza mtoto, na kuambiwa kosa ni lake. Ndugu zangu, fundisho hilo si la Injili. Yohana Mbatizaji alipokuwa gerezani alituma watu wamwulize Yesu kama yeye ndiye ajaye (Mathayo 11:2–11). Yesu alimletea habari za kazi zake, kisha akamsifu Yohana mbele ya makutano. Hata hivyo Yohana hakutoka gerezani, alikatwa kichwa. Je, tutasema Yohana alikosa imani? Hasha.

(c) Shaka linaloletwa na watu. Fedha za sadaka zinapopotea, au viongozi wanapogombea vyeo, mnyonge husema, "Kama ndivyo, Mungu yuko wapi?" Dawa ya shaka hili si kuwaficha wakosaji. Ni kusoma hesabu waziwazi, kutubu na kupatana. Baraza la parishi linaloficha mambo linapanda shaka kwa mikono yake.

4. MFANO KATIKA KANISA LETU

Tukivuka milima tunayoiona kusini ya Chimala na kuendelea mbali, tutafika Ziwa Nyasa. Huko alifanya kazi Padre William Percival Johnson wa UMCA. Mwaka 1876 alikuwa na Askofu Steere katika safari ya kuanzisha Masasi. Mwaka 1882 mwenzake, Padre Charles Janson, alikufa walipokuwa wamefika ziwani, kazi haijaanza vizuri. Baadaye Johnson mwenyewe aliugua macho. Jicho moja likapofuka kabisa, la pili likabaki na nuru kidogo. Mwaka 1895 rafiki yake tangu chuoni, Chauncy Maples, aliwekwa wakfu kuwa Askofu, na kabla ya mwaka kwisha mashua yake ikapinduka kwa dhoruba, akafa maji.

Kila moja ya mambo hayo lingetosha kumfanya mtu aulize kama kweli Mungu amemtuma. Johnson hakuondoka. Alikaa miaka mingine 33, akitembelea vijiji vya pwani ya ziwa na kutafsiri Biblia katika Kinyanja, hadi alipofariki Liuli mwaka 1928. Kaburi lake lipo huko hadi leo. Alisali na watu, akala nao, akawafundisha, siku moja baada ya nyingine. Imani yake iliendelea kuishi ndani ya kazi na ushirika.

5. TUFANYE NINI?

Wewe mwenye shaka: litaje kwa mtu mmoja mwaminifu. Endelea kuja kanisani. Ukishindwa kuomba kwa maneno yako, omba kwa Zaburi ya 13 au ya 73, maana waliozitunga nao waliuliza. Na Imani ya Nikea ikisomwa, kumbuka kwamba maaskofu wa mwaka 325 waliiandika kwa wingi, yaani tunaamini. Siku usiyoweza kuitamka kwa moyo wote, wenzako wanaitamka pamoja nawe.

Wewe usiye na shaka leo: usijivune, na usiwe mwepesi wa kujibu. Mtembelee aliyefiwa, ukae naye, upike, uchote maji. Waraka wa Yuda, mstari wa 22, watuagiza kuwahurumia wenye shaka.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kikundi chetu mtu anaweza kutaja shaka lake bila kuaibishwa? Kama hawezi, ni nini kinachomzuia?
2. Ni nani aliyeacha kuja kanisani mwaka huu? Ni nani kati yetu atakayemtembelea juma hili?

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyeingia milango ikiwa imefungwa ukamjia Tomaso, uwajie na wenzetu wanaokutafuta gizani. Utuzuie tusiwafungie nje. Nasi tukifikiwa na shaka, utushike tusitoke katika ushirika wako. Amina.